Punje Nilizozitupa Katika Jiko la Nangara

Baba yangu aliitwa Gwandu, mama yangu aliitwa Lagwen, nami nilizaliwa kijijini Mutuka, katika mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Mama alisema ulikuwa mwaka wa mtama mwingi. Maelezo hayo yalimtosha yeye, yakanitosha na mimi. Baba alilima na kuchunga. Mama alilima, akapika, akazaa, na kila kiangazi alifinyanga vyungu. Ninamtaja mama zaidi kwa sababu bila vyungu vyake habari hii isingekuwa na mwisho wa kusimulika. Editha, mjukuu wangu, ambaye unaandika huku jicho moja likiwa kwenye simu, igeuze simu hiyo kifudifudi tuendelee.

Shule sikwenda hata siku moja. Kaka zangu walipelekwa, mimi nikaachiwa ndama. Tarakimu nilijifunza sokoni nikipima mbaazi. Herufi hazikunijia, nami sikuzifuata. Hata hivyo, kwa misimu mingi nilifanya kazi pamoja na watu waliosoma kuliko wote niliowahi kuonana nao, watu wanaotafuta mbegu za kale ardhini ili wajue ni lini binadamu aliacha kuokota chakula akaanza kukipanda. Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani, humjibu kwamba niliosha udongo. Akicheka, humwacha amalize. Kisha humwambia aketi.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo. Ofisi zilikuwa zikihamia Babati, na kila mwenye kiwanja alikuwa na lundo la kokoto mbele yake. Kule Nangara, mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, Mzee Salimu, alichimbisha msingi wa nyumba yake. Vibarua walipofika kimo cha kiuno wakakuta majivu, na chini ya majivu vigae, na katikati ya vigae mafiga matatu yamekaa vilevile yalivyowekwa na mtu aliyetarajia kupika tena kesho yake. Mzee Salimu akasimamisha kazi, akapeleka habari ofisini. Kutoka ofisini habari ikafika chuo kikuu, Dar es Salaam, na siku chache baadaye akashuka kwenye basi mwanamke mfupi mwenye miwani, umri wake sawa na wa binti yangu Paulina. Huyo ndiye Daktari Halima.

Wanawake wawili wa jirani walimletea watoto wenye homa kabla ya kuelewa kwamba daktari huyu hutibu majivu. Aliwapokea vizuri, akawapandisha bodaboda na kuwaelekeza hospitali, kisha akarudi shimoni.

Mzee Salimu alimpa wiki tatu. "Zikiisha, mwanangu, saruji inamwagwa," alimwambia. "Mafundi nimekwisha waahidi, na mke wangu anaishi kwa dada yake."

Daktari alihitaji mwanamke ajuaye kupepeta. Msimamizi wa wachimbaji, Bwana Qamara, mtu wa maneno mengi, akaja kunichukua nyumbani. Alinitambulisha hivi: "Daktari, huyu ni Mama Paulina. Yeye hapepeti nafaka, huihukumu." Daktari akanipa ungo wenye mchanganyiko wa mchanga, mkaa na mbegu ndogo, akatazama mikono yangu kwa muda mfupi tu, akasema, "Kesho saa moja asubuhi." Sikuulizwa cheti.

Kazi yenyewe ni hii, nanyi vijana mjifunze, kwa maana haina siri. Unajaza pipa maji. Unachukua udongo wa tabaka moja, na wa tabaka hilo tu, unaumimina polepole kama anayemimina unga kwenye uji, huku mkono mwingine ukikoroga chini kwa upole. Udongo huzama. Jiwe huzama. Mfupa huzama. Lakini kilichoungua kikawa mkaa huelea juu, nawe unakipokea kwa kitambaa chepesi, unakifunga, unakitundika kivulini. Nasema kivulini. Katika juma langu la kwanza nilivianika vifurushi sita juani, nikiamini ninawahi, na jua likavipasua vile vimkaa vikawa vumbi. Daktari hakunigombeza. Alinifungulia kifurushi kimoja baada ya kingine, anioneshe vumbi, mpaka cha sita. Ningependa angenigombeza.

Sheria ya pili ni ya karatasi. Kila kifurushi huwekwa karatasi mbili zenye namba ya shimo na namba ya tabaka: moja ndani, moja nje. Ya nje ikinyeshewa au ikiliwa na mchwa, ya ndani itasema. Namba hizo nilizinakili mwenyewe, na sikukosea hata moja. Kitu kilichotoka ardhini bila karatasi, Daktari alikiita yatima. Hakuna ajuaye kimetoka wapi, wala hakuna atakayekiamini kikisema.

Qamara hakuchoka kunichokoza. "Mama Paulina, ukimaliza kuuosha huo udongo utaupiga na pasi?"

"Nitakuosha wewe kwanza," nilimjibu. "Una tabaka nyingi kuliko shimo hili."

Lakini siku Daktari aliponiita nichungulie kwenye hadubini, hata Qamara aliweka koleo lake chini. Nilifumba jicho moja kama alivyoniagiza. Mwanzoni niliona giza na kope zangu mwenyewe. Kisha kikatokea kitu cha duara, cheusi, kinachong'aa, chenye mistari iliyopangwa kwa ustadi ambao sijauona kwa msusi yeyote wa Babati. Kilikuwa kitu ambacho, nilipokiangalia kwa macho ya kawaida, nilikifikiria kuwa doa.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Wewe uniambie," akasema.

Nilitazama tena. Nikaona ukingo wake mwembamba na kijishimo pembeni. "Huu ni mchicha wa porini," nikasema. "Ule unaoota penye samadi. Nimeuchuma tangu nijue kutembea."

Naye akaniambia kwamba mchicha ule ulichumwa, au uliota karibu na zizi, kabla ya bibi wa bibi yangu, na kabla ya bibi wa huyo, nyuma zaidi, kupita vidole vya watu wote waliosimama shimoni tukivihesabu pamoja. Aliitaja miaka yenyewe. Sikuishika, na sioni aibu kukiri. Namba ile ilikuwa kubwa kuliko mizani yoyote niliyowahi kuitumia. Nilichokishika ni kwamba ule mchicha uliungua kwa bahati mbaya. Kama moto usingeudokoa, ungeoza mwaka uleule na kusahauliwa. Jambo ambalo mwanamke yule wa kale alilihesabu kuwa hasara ndilo lililotufikia sisi. Nilitoka kwenye kile kiti nikitembea taratibu, kama mtu aliyetoka kanisani.

Sasa mfahamu Daktari alitafuta nini, maana yote yajayo yanategemea hapo. Mifupa ya jiko lile ilikwisha kumwambia kwamba watu wale walifuga: ng'ombe, mbuzi, kondoo. Swali lililomnyima raha lilikuwa moja: je, walipanda? Au walikula maziwa, nyama na majani ya porini, na nafaka ikaja hapa na watu wengine, nyakati nyingine? Alisema wapo wasomi wenzake waliokwisha kuamua kwamba watu wa kale wa sehemu zetu hawakujua jembe. "Waliamua bila kuosha udongo," alisema. Punje moja ya shambani, kutoka kwenye jiko lisiloguswa, ingetosha kulifungua tena swali hilo.

Nikamuuliza atajuaje kwamba punje ni ya shambani. Akanifundisha jambo ambalo hata leo nikilifikiria huacha kazi niliyoshika. Mtama wa porini, alisema, ukikomaa hujiachia wenyewe. Punje hudondoka na ganda lake, na pale ilipokatika huwa laini, kama jani lililoanguka kwa hiari. Lakini binadamu alipoanza kuvuna kwa mkono, zile zilizodondoka zilibaki chini, na zile zilizoshikilia suke ndizo zilizofika nyumbani, na hizo ndizo zilizopandwa mwaka uliofuata. Mwaka baada ya mwaka, mtama ukajifunza kutudondokea mikononi badala ya ardhini. Mtama wa shambani hauachii. Husubiri hadi uje uupure, nao hukatika kwa nguvu, na kwenye kitako cha ganda lake hubaki pameraruka.

Mimi nimepura mtama tangu utotoni. Sikuwahi kujua kwamba ulikuwa ukinisubiri.

Wiki mbili na nusu zikapita. Tuliosha udongo mpaka mikono ikawa na makunyanzi hata Jumapili. Tukapata mchicha, mbegu za magugu, kokwa za matunda ya porini, mkaa wa miti mitano au sita. Nafaka hatukupata. Yalikuwa yamebaki majivu ya katikati ya mafiga, ambayo Daktari aliyaacha makusudi yawe ya mwisho. Tungeyafungua kesho yake.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili Editha ataliandika kama nilivyolitamka.

Nyumbani kwa mama yangu, jiko la mtu halikufunguliwa kwa mikono mitupu. Familia ikihama, mama alitupia jikoni konzi ya ulezi kuwaaga waliokula pale. Na ukirudi kulichokoa jiko la zamani, hata ukitafuta mafiga tu, ulitupia tena, kuwaomba radhi. Ulezi huo ulikaangwa kwanza hadi ukawa mweusi kabisa. Ukiutupa mbichi utaota, kuku watakuja kuuparura, na jiko la wazee litageuzwa jalala. Mama alinifundisha hivyo, nami sikuwa na sababu ya kumpinga. Jioni ile, wenzangu walipokuwa wakikusanya sepetu na madumu, nilifungua pindo la kanga, nikautupa ulezi wangu katikati ya mafiga matatu, nikasema maneno machache kwa lugha ya kwetu, nikausawazisha kwa kiganja ili usionekane. Nikaenda nyumbani nikiwa na amani. Nilidhani nimemaliza deni la heshima kwa niaba ya Daktari, ambaye kwa usomi wake wote hakulijua.

Asubuhi tuliosha yale majivu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekoroga. Daktari akakichukua kitambaa kikiwa bado kibichi, akakipeleka kwenye hadubini, na baada ya muda mfupi tukasikia kiti kikianguka.

"Ulezi!" alipiga kelele. "Mama Paulina! Qamara! Njooni muone, ni ulezi! Saba, nane, huu wa tisa!"

Qamara akaanza kucheza akiwa na koleo mkononi. Mzee Salimu, aliyepita kukagua kiwanja chake, aliambiwa kwamba sebule yake itakuwa juu ya shamba la kale kuliko yote ya sehemu hizi, naye akaagiza kreti ya soda. Daktari alitembea huku na huku na simu, akitafuta mahali penye mtandao mzuri ili ampigie mkubwa wake chuoni.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilizijua punje zile. Ningeweza kukuambia zilinunuliwa kwa nani.

Sitawaficha, vijana, kwamba nilinyamaza. Nilinyamaza tangu saa mbili hadi chai ya saa nne. Nilijiambia kwamba huenda mle mna na za kwao. Nilijiambia kwamba furaha ile haimdhuru mtu. Nilijiambia kwamba nikisema nitafukuzwa, na kazi ile nilikwisha kuipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya, na mahali pengine popote duniani nisingeruhusiwa kuchungulia tena kwenye kile kioo. Soda ikaja. Nikapewa chupa. Nikaishika tu.

Kilichonisukuma hakikuwa ujasiri. Daktari alikuja, akachukua karatasi mbili, akanipa kalamu, akasema, "Namba za kifurushi hiki uziandike wewe. Ni haki yako." Nikaishika kalamu. Moja ndani, moja nje. Nikaona kwamba nikiandika namba ya tabaka lile juu ya ulezi wangu nitakuwa nimewawekea maneno mdomoni watu waliokufa, watu ambao jana yake tu niliwaomba radhi.

"Daktari," nikasema, "usipige simu hiyo. Ulezi ni wangu."

Akadhani natania. Kisha akanitazama usoni, na uso wangu haukuwa na utani.

"Wako vipi?"

"Nimeutupa jana jioni. Konzi moja, isiyojaa."

"Ulikuwa umeungua?"

"Niliukaanga mpaka ukawa mweusi. Ndivyo inavyotakiwa."

Qamara akaacha kucheza. "Mama Paulina," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "sema ulitupa ndani ya shimo jingine."

"Nilitupa katikati ya mafiga," nikasema. "Na usinifundishe kusema uongo, nimepita umri wa kujifunza."

Daktari alikaa chini, kwenye udongo, na suruali yake safi. Akaniuliza kwa nini, nikamweleza habari ya mama na jiko. Akaniuliza, "Mbona hukuniambia?" Nikamjibu ukweli: kwamba heshima ile niliihesabu kuwa jambo kati yangu na wenye jiko, nami sikujua kwamba majivu yana masikio. Nikamwambia pia kwamba nilinyamaza tangu saa mbili. Hilo ndilo lililoniuma kulisema.

Kisha akaeleza, kama anayejieleza mwenyewe, kwamba hata kama mle mna punje ya kale, na hata akiipeleka ng'ambo ikapimwe, shimo limekwisha kuingiliwa na hakuna atakayeliamini, na asingewalaumu. Alichukua daftari lake, akaandika ukurasa mzima. Alipomaliza akanisomea: jina langu, saa, konzi isiyojaa, ulezi wa kukaanga, sababu yake, na kwamba mwenyewe nimesema. Akaniuliza, "Nimeandika sawa?"

"Sawa," nikasema. Hakuna aliyewahi kuandika jambo langu akaniuliza kama ni sawa. Nikasimama nichukue kanga yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Kwani hunifukuzi?"

"Nikufukuze nibaki na nani?" akasema, na sauti yake ilikuwa kali kidogo, nami nilifurahi kuisikia hivyo. "Kesho saa moja asubuhi. Zimebaki siku mbili."

Siku mbili hizo hapakuwa na udongo wa kuosha. Nilikaa nje ya shimo nikiwa na aibu na mikono mitupu, na mikono mitupu hunitesa kuliko aibu. Pembeni palikuwa na lundo la vigae ambavyo wachimbaji waliviona si kitu: havina mapambo, havina midomo, vimefunikwa masizi na matope. Vile vyenye mistari na vitone vilikwisha kuoshwa na kupangwa kwenye meza kama bibi harusi. Hivi vingetiwa mifukoni na kusafirishwa, vitazamwe siku nyingine. Nikamwomba Daktari ruhusa nivioshe.

"Vina namba zake?" akauliza.

"Vina namba, ndani na nje."

"Basi osha. Usisugue."

Niliosha kutwa nzima, na siku ya pili nikaosha tena. Mafundi wa Mzee Salimu walikwisha kufika na mifuko ya saruji, wakakaa juu yake wakitutazama kama watu wanaosubiri sufuria ya mwenzao. Saa nane mchana nilishika kigae kinene, kizito, chenye mgongo mviringo. Kabla sijakigeuza mkono wangu ulikwisha kukijua: kilikuwa kitako cha chungu. Nikakigeuza, nikakimwagia maji, nikapitisha kidole gumba.

Kilikuwa na vijishimo.

Hapo nilimsikia mama. Sisemi mzimu, nasema nilimkumbuka kwa sikio. Nilikuwa msichana mdogo, nimetumwa kuweka vyungu vibichi vikauke, nami nimeviweka juu ya ardhi tupu. Mama akaja nyuma yangu: "Weka makapi kwanza, mtoto mvivu! Ukikiweka hivyo kitaganda chini, utakinyanyua nusu!" Alikuwa akichota makapi kwenye uwanja wa kupuria, anayatandaza, kisha anakalisha chungu juu yake. Makapi yaling'ang'ania udongo mbichi, chungu kikachomwa, makapi yakaungua yakatoweka, na nafasi zake zikabaki. Kila chungu cha mama kilikuwa na alama hizo kitakoni. Sisi watoto tulizihesabu kama madoa ya chui. Hatukuwahi kuziuliza chochote.

"Daktari," niliita. "Njoo na kioo chako."

Alikuja. Nikamwonesha, nikamweleza kuhusu makapi. Akakipokea kigae kwa mikono miwili. "Nimesoma habari za alama hizi," alisema polepole. "Kukishika kimoja kwa mkono wangu, sijawahi." Akakimbilia sanduku lake, akatoa ule ute mzito ambao mafundi wa meno huutumia kuchukua umbo la jino, akaukandamiza ndani ya kijishimo kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Tukangoja ukauke. Mafundi wa saruji wakasogea. Mzee Salimu akasogea. Qamara hakusema neno, jambo ambalo ninyi msiomjua hamwezi kulipima.

Akaubandua taratibu, akauweka chini ya hadubini. Alitazama. Kisha akanyanyuka, akanipisha kwenye kiti.

Nilifumba jicho moja. Na pale, mjukuu wangu, ulisimama mtama. Haukuwa mtama wenyewe. Wenyewe uliteketea siku chungu kile kilipochomwa. Ilikuwa nafasi yake, imejazwa tena. Ganda lilikuwa na mishipa yake, na pande zake mbili zilikutana kama viganja. Nikashuka kwa jicho hadi kitakoni, pale unaposhikana na suke.

Pameraruka.

Mtu aliupura. Kwa kijiti au kwa mguu, juani, akiwa na haraka ya kuwahi chungu kisigande. Mwanamke fulani, kwa maana mikono iliyokandamiza ule udongo iliacha na alama ya kidole kimoja, na kidole changu kiliingia. Alikuwa na uwanja wa kupuria. Alikuwa na shamba. Pengine alikuwa na mtoto mvivu. Na jambo lile hakuna mtu aliyeweza kulitupia shimoni jioni moja, si mimi wala mwingine, kwa kuwa lilichomwa ndani ya chungu pamoja na chungu.

"Walipanda," Daktari alisema.

"Walipanda," nikasema, nikagundua kwamba nalia, mimi ambaye sikulia katika harusi ya Paulina.

Jioni ile Mzee Salimu alimwaga saruji. Jiko lile sasa liko chini ya sebule yake, na watu hukaa juu yake wakitazama mpira. Mimi nilimfuata Daktari misimu mingine mingi, Kondoa, Mbulu, hadi karibu na Kateshi, na kila mahali palipokuwa na jiko aliniambia mbele ya wote, "Mama Paulina, una jambo la kufanya kabla hatujafungua?" Nami nilisema maneno yangu, bila ulezi, naye aliandika saa. Baadaye zikaja pampu zinazoosha udongo wa siku nzima kwa saa moja, na vijana wenye kompyuta inayopima punje vizuri kuliko jicho. Ni vyombo vizuri. Niliwaambia tu kwamba pampu haijui wakati wa kuacha. Macho yangu yalipoanza kuona mchicha mahali penye mchanga, niliomba nipumzike, kwa sababu jicho linaloona linachotaka ni hatari katika kazi ile kuliko jicho lisiloona.

Sasa, Editha, usikie utakayoyatunza.

Kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati, limo umbo la ule mtama, la pili, alilonitengenezea Daktari. Usiwape watoto walichezee. Chini ya kitanda changu kimo chungu cha mwisho cha mama Lagwen. Kimepasuka, hakipikiki, nao wajomba zako wamekwisha kuniambia nikitupe. Hakitupwi. Mtu akikudharau kwa kuwa na bibi asiyesoma, kigeuze umwoneshe kitako. Tunza mbegu za mtama wetu wa kienyeji, hata kama mnapanda mahindi na mbaazi za kuuza. Panda mistari miwili tu ukingoni mwa shamba. Umetusubiri muda mrefu, si vizuri tuuache njiani.

Katika maandishi haya usiifute habari ya ulezi. Najua utataka kuifuta ili bibi yako apendeze. Ukiifuta, na habari ya chungu haitaaminika, nayo ni ya kweli.

Na siku mtakaponizika, msitupie kitu kaburini, wala ulezi, wala mtama, wala ua. Siku moja atakuja mtu na pipa lake la maji, na sitaki adanganyike. Lakini kama upendo utawashinda mkatupia, basi muwe na adabu ya kazi: andikeni nani ametupia, nini, na saa ngapi. Karatasi moja ndani, moja nje.